Mzee Mkanda Anaiaga Tii ya Kwanza

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kusimama nyuma ya watu wanaokosea, kocha mkuu wa klabu yetu ya gofu, ambaye hapa hakuna anayemwita kwa jina lingine ila Mzee Mkanda, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mwenyekiti wa kamati aliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi: ukurasa mmoja tu, wenye heshima, usio na porojo. Heshima nimeiweka. Hayo mengine mawili atanisamehe, maana kazi hii amempa mtu mwenye mdomo.

Kwa wageni wasionifahamu, mimi ndiye karani wa zamu. Nakaa kwenye kile kibanda cha vioo kando ya tii ya kwanza, pale kwenye kijukwaa cha nyasi ambapo kila mchezaji huanzia, nikiwaita watu kwa kipaza sauti zamu yao ikifika. Mpira wa kwanza wa kila mtu naushuhudia mimi. Nimeona mabwana wazima, wenye ofisi na madereva, wakitetemeka pale kama wanaenda kuchomwa sindano, kwa sababu wote walioketi kwenye baraza la klabu wanawatazama migongoni. Kwa hiyo nikisema hakuna aliyewaondolea watu aibu pale kama Mzee Mkanda, nasema kwa macho yangu haya mawili.

Jina lenyewe alilipata mwezi wake wa kwanza kazini. Wakati huo wanachama wetu karibu wote walikuwa na ugonjwa mmoja: mpira ukipigwa unaondoka vizuri, halafu katikati ya safari unakata kona kwenda kulia kama mbuzi aliyeona mboga. Kocha kijana, mwembamba, kofia nyeupe, akatazama siku mbili tatu bila kusema kitu. Kisha akatangaza kwamba watu wa hapa wanapiga kwa mikono peke yake na kiwiliwili wanakiacha nyumbani. Akawaambia wasahau mpira kabisa. Ukimaliza kupiga, alisema, chuma cha mkanda wako kiwe kinatazama kule ulikoutuma mpira. Basi kuanzia asubuhi hadi jioni ikawa ni sauti moja tu kutoka uwanja wa mazoezi: "Mkanda! Mkanda wako unaangalia wapi?" Mama mmoja mwanachama alimjibu kwamba yeye amevaa gauni na mkanda hana. Kocha akavua wake akampa, akafundisha somo zima huku ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Yule mama anacheza mpaka leo, na mpira wake umenyooka.

Uwanja wake wa mazoezi ulikuwa kama zahanati. Mgonjwa anakuja, anapiga mipira mitano, daktari anatikisa kichwa. Aliyekuwa anaishika fimbo kama anamnyonga kuku, alipewa nyanya iliyoiva kutoka jikoni na kuambiwa aiminye vilevile anavyominya fimbo. Mkandarasi mmoja, mtu mtiifu sana, aliiminya kweli, na shati lake jeupe likawa la kufanyia usafi wa gari. Waliokuwa wanakichomeka kile kijiti cha kuwekea mpira mpaka kinazama chini, kisha wanaushambulia mpira kutoka juu, aliwaambia kwa upole kwamba hapa hatulimi. Nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha fimbo, alisema, halafu uupige ukiwa unapanda, siyo unashuka.

Dawa yake kubwa kuliko zote ilikuwa boksi la viatu. Aliliweka upande wa nje wa mpira, karibu kabisa, ili mtu anayeileta fimbo kwa kukatisha kifua chake aligonge boksi kabla ya kuugusa mpira. Ukiligonga mara tatu mwili unajifunza wenyewe njia ya ndani. Mabwana walimletea maboksi kutoka majumbani mwao, na meneja mmoja wa benki alileta boksi zuri bila kulifungua. Aligonga mara mbili kwa nguvu zake zote ndipo ikagundulika kwamba viatu vya mkewe, vipya, vya harusi ya mdogo wake, vilikuwa bado vimo ndani. Nasikia nyumbani palikuwa hapatoshi.

Lakini siri yake kubwa ilikuwa ni hii: hakuwahi kumwambia mtu makosa mawili kwa siku moja. Hata ukiwa na kumi. Atakutazama, atachagua moja, atakuambia hilo, na mengine atayameza. Alituambia kwamba mtu akibebeshwa makosa mawili anashika lililo jepesi na kusahau la maana, na akibebeshwa matatu anakwenda kulala. Wasaidizi wake wote amewafunza hivyo hivyo, na yule anayemrithi kiti anaapa kwamba kanuni hiyo haitaguswa.

Nje ya somo, sasa, ulimi ulikuwa haukai. Mpishi akifagia ukumbi anaambiwa mgongo umepinda. Fundi wa rangi akiwa juu ya ngazi anaulizwa uzito ameuweka mguu gani. Kuna maharusi walikuja kupiga picha kwenye nyasi zetu, bwana harusi kamshika bibi harusi kiuno, mpiga picha yuko tayari, mara Mzee Mkanda huyo, anamsogeza bwana harusi begani kwa sababu kasimama kama mtu anayetaka kuanguka. Picha ile ilitoka nzuri mno. Walimtumia nakala, na ameitundika ofisini kwake.

Mafanikio yake mengine mnayajua. Alianzisha darasa la kina mama la asubuhi, wakati baadhi ya wazee wa kamati walikuwa wanasema kina mama watakuja mara moja kwa ajili ya chai. Darasa lile sasa lina watu mpaka wengine wanasubiri nje. Alimrudisha uwanjani muuguzi mstaafu aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, na mama huyo leo anavusha mpira ng'ambo ya mfereji huku vijana wanautumbukiza. Timu yetu ilikuwa inachukuliwa kama mgeni mwema anayekuja kufungwa na kushukuru. Chini yake ilichukua kombe ugenini, na kombe lile lilizunguka kila meza ya jikoni kabla ya kufika kwa mwenyekiti.

Nimefika sasa penye shughuli. Mwezi uliopita kamati ilimwita Mzee ikamuuliza angependa kuagwa vipi. Walishafikiria jokofu, walishafikiria saa ya ukutani. Mzee akawashukuru, akasema hahitaji kitu cha kubeba. Anachotaka ni kucheza mzunguko mmoja na binti yake mdogo, kuanzia tii ya kwanza, kabla hajarudisha funguo. Wanakamati wapya waliona ni ombi dogo, wakafurahi. Sisi wa zamani tulipopata habari tulitazamana tu, kila mtu akashika kikombe chake.

Binti huyo ni kitinda mimba wake, na amekulia humu ndani. Alipokuwa mdogo akitoka shule anapitia kibandani kwangu, ananiamkia, anakula mkate wangu bila kuomba, kisha anakwenda kwa baba yake kupiga mipira. Mzee alimpa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu akiwa mchanga alimwita "mama", na kila tukimtania kwamba huyu mtoto atamwendesha puta, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kipaji mtoto alikuwa nacho. Ila fimbo kubwa, ile ya kuanzia, ilimsumbua: mpira wake ulianza kushoto, halafu ukakunja kwenda kulia mpaka vichakani. Kocha aliyetibu mji mzima hakuweza kumtibu mwanawe. Mganga hajigangi, na walikuwa hawamalizi somo bila mmoja kununa.

Alipofika miaka kumi na tisa aliingia mashindano yetu ya wazi. Baraza lilijaa watu, wameshika glasi mkononi. Nilimwita kwa kipaza sauti, akapanda kwenye tii, akauweka mpira, akasimama. Baba yake, aliyekuwa ametulia kando ya kamba, akamsimamisha na kumwambia miguu. Akaisogeza. Akamsimamisha tena, akamwambia mikono. Kisha bega. Kisha kijiti kiko chini. Mtu ambaye hajawahi kumpa mwanafunzi makosa mawili kwa siku alimpa mtoto wake manne, hadharani, kwa sauti ile ile ya "mkanda". Pale barazani mtu mmoja akacheka. Binti akamtazama baba yake, akailaza fimbo kwenye nyasi taratibu kana kwamba ni ya kioo, akatoka kupitia maegesho ya magari. Hakukanyaga tena klabu hii.

Hawakugombana kwa kishindo, na pengine wangegombana ingekuwa nafuu. Kwenye harusi na misiba walikaa pamoja, salamu zilikuwepo. Lakini akipiga simu nyumbani na baba akapokea, mazungumzo ni yale yale: shikamoo baba, marahaba mama, mama yupo? Na simu inahama mkono. Zaidi ya miaka kumi imepita hivyo. Binti akasoma, akawa mfamasia, akafungua duka lake la dawa, akaolewa, akazaa, na katika mambo yote hayo baba alikuwepo lakini hakuwa ndani.

Kuna jambo liliongezeka katikati ambalo lilimla Mzee moyo kuliko ule ugomvi wenyewe. Miaka miwili baada ya mashindano yale, mikeka ya nyasi bandia ya uwanja wa mazoezi ilichakaa, ikabidi itandikwe upya. Ile ya zamani Mzee alikuwa ameitandika kwa mikono yake mwaka aliofika, na alijisifia nayo. Mkeka wa mwisho, ule wa karibu na ua, ulibanwa na mfereji wa maji, kwa hiyo ili uenee aliuzungusha kidogo. Kidogo tu. Mikeka mizuri ya katikati ilikuwa ya wanachama. Huo wa pembeni ulikuwa wa watoto wa wafanyakazi, na aliyeutumia kuliko wote ni binti yake, tangu akiwa na mapengo ya meno ya mbele.

Fundi mwashi alipofika akavuta uzi kufuata ukingo wa kila mkeka kuelekea kwenye bendera. Uzi wa kwanza ukaenda sawasawa, wa pili ukaenda, wa tatu ukaenda. Uzi wa mkeka wa mwisho ukapita mbali na bendera, ukaenda kugota kwenye mlango wa stoo. Fundi akauliza nani alitandika huu. Nilikuwepo. Mzee aliuangalia ule uzi, akauangalia mlango wa stoo, akakaa juu ya ndoo. Mtoto aliyejipanga na mkeka ule mwili wake ulielekea kulia, bendera iko kushoto, basi akazoea kuivuta fimbo kwa kukatisha kifua ili mpira urudi. Miaka yote ile, siku baada ya siku, mpaka ikawa ndiyo damu yake. Mzee alikuwa anapenda kutuambia kwamba samaki mkunje angali mbichi. Siku ile aliona kwamba alikuwa amemkunja kweli.

Hakuficha. Aliwaita watu wote waliowahi kupiga mipira kwenye mkeka ule, akawaeleza kosa ni lake na akawatengeneza mmoja mmoja. Alisema hata kwenye mkutano mkuu, mbele ya wanachama, na nilimheshimu kwa hilo. Aliyebaki bila kuambiwa ni mmoja, yule yule. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, nitaanzia wapi? Nikamwambia aanzie kwenye marahaba, kabla simu haijahama mkono. Akaniambia kiti changu kimeegemea upande mmoja, nitaumia kiuno.

Basi ombi lake la kuagwa likawa ni kufa au kupona, na mjumbe nikachaguliwa mimi, kwa kuwa binti ananiita shangazi na mkate wangu alikula. Duka lake la dawa liko kati ya fundi cherehani na mtengeneza simu. Nilimkuta na koti jeupe anamweleza mzee mmoja, kwa utulivu mkubwa, kidonge kimoja baada ya kula, basi, hayo mengine tutayaona ukirudi. Nikatabasamu peke yangu, maana nilijua alikojifunzia. Mteja alipotoka nikatoa ujumbe wangu. Akaanza kupanga maboksi ya dawa ya kikohozi ambayo yalikuwa yamepangika tayari.

Mwishowe aliniambia, "Shangazi, nitakuja. Lakini baba asifungue mdomo kuhusu ninavyopiga. Nikisikia neno moja tu, miguu, mikono, sijui mkanda, natoka kupitia maegesho yale yale." Nikamhakikishia nitafikisha. Moyoni nilikuwa nasema, mwanangu, hapo unamwomba jogoo asiwike.

Mzee alikubali haraka mpaka nikaogopa. Halafu, na hili nitalisimulia mpaka nizeeke, akaanza mazoezi ya kunyamaza. Wiki nzima alikuwa anakwenda uwanja wa mazoezi, anasimama nyuma ya watu wanaokosea kila kitu, na hasemi. Ametia kijiti mdomoni anakitafuna. Wanachama waliingiwa na hofu. Mmoja akaenda kumuuliza meneja kama kocha ana deni la mishahara au ameudhiwa. Mwingine alimletea dawa ya koo. Mpishi alifagia ukumbi mzima mbele yake, mgongo kaupinda makusudi kama upinde, Mzee akageuka akatazama ukuta.

Jumamosi iliyopita ikafika. Mzee alikuja na suruali nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mstari wake unaweza kukata mkate. Mkewe alikaa barazani, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono yote miwili. Wapishi walitoka, wakata nyasi walizima mashine, mafundi wakaja na mikono yao ya grisi. Binti aliingia na mfuko wake wa fimbo wa zamani, ule ambao mama yake aliuhifadhi juu ya kabati miaka yote hiyo. Alimwamkia baba yake, akaitikiwa. Nikashika kipaza sauti kuwaita. Mimi nimeshaita mabalozi, nimeshaita mabingwa, lakini jina la yule mtoto nililitamka kwa awamu mbili.

Mzee akapiga kwanza. Mpira ukanyooka, mkanda ukatazama bendera, hakuna aliyeshangaa wala kupiga makofi ya maana. Hatukuja kwa ajili hiyo. Kisha binti akapanda, akauweka mpira wake, akasimama. Jamani. Alisimama vilevile, kama bado ana miaka tisa na chini ya miguu yake bado kuna ule mkeka. Kila aliyejua aliliona lile kosa. Mzee alikuwa nyuma yake hatua chache, na mdomo wake ukafunguka. Mpishi akanibana kiwiko mpaka nikapata alama. Mkono wa Mzee ukapanda, ukafika hewani, ukakosa pa kwenda, akajikuna nao kofia. Mdomo ukafunga.

Binti hakupiga. Alisubiri. Aliinama pale juu ya mpira muda mrefu kuliko inavyohitajika, na mimi ninayeangalia watu wakisimama pale kila siku nawaambieni, alikuwa anampa baba yake nafasi ya kuharibu. Baba hakuitumia. Ndipo alipoinua fimbo na kupiga. Mpira ukaanza kushoto, ukapita juu ya maua, ukakunja kulia, ukazama vichakani palepale ulipokuwa unazama zamani. Baraza likasema aaah. Binti akageuka, akamtazama baba yake usoni. Mzee akaipokea fimbo kutoka mkononi mwake, akaifuta, akairudisha kwenye mfuko, akasema, "Twende mama, tukautafute."

Wakaingia vichakani wawili, kedi wao akiwafuata nyuma. Sheria yetu mnaijua, mpira ukipotea hautafutwi mpaka jua lizame, na kazi yangu ni kuwaharakisha watu. Nyuma yao walikuwa wanasubiri mabwana wanne wanaotazama saa. Nilizima kipaza sauti nikawaambia mashine ya kukatia nyasi imeharibikia njiani. Mungu anisamehe. Kutoka kibandani niliona kofia nyeupe na kilemba cha buluu vikizunguka juu ya majani, vikiinama, vikiinuka. Halafu vikasimama, na hakuna aliyekuwa anatafuta tena.

Kedi aliyewabebea mifuko ni mtu mzima mwenye adabu, alijisogeza pembeni, na ametuambia yale tu ambayo masikio yalishindwa kuyakwepa. Mzee alimwambia, "Mama, lile kosa halikuwa lako. Nililitandika mimi." Akamweleza mkeka, mfereji, uzi wa fundi, yote. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba anajua. Mama yake alimwambia wiki ile ile fundi alipovuta uzi. Miaka yote hiyo anajua. Alikuwa anasubiri alisikie kutoka kwa mwenyewe. Mzee akamuuliza kwa nini hakusema. Naye akamuuliza wewe mbona hukusema. Kedi anasema walibaki wanaangaliana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe, na kwamba aliyeanza kucheka ni binti, na aliyeanza kulia ni baba.

Mpira haukupatikana. Mzee akamsihi waende tu, mzunguko huu hakuna anayehesabu, wakapita moja kwa moja hadi tii ya pili, ambayo kutoka kwangu inaonekana vizuri ng'ambo ya bustani. Binti akauweka mpira mpya. Halafu akageuka akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barazani, "Haya baba. Sasa niambie."

Hakumwambia. Mzee Mkanda, mtu ambaye hata bwana harusi hakumwacha na kosa lake, hakusema neno. Alipiga magoti kwenye nyasi zenye umande, na suruali ile nyeupe, akaushika mguu wa mwanawe kwa mikono miwili kama anamvisha kiatu cha shule, akausogeza mahali pake. Kisha hakuinuka upesi. Binti akaweka mkono juu ya bega la baba yake asipoteze mizani, na mkono ukabaki hapo. Nikamtazama mke wa Mzee barazani, mkoba umeanguka chini na hana habari. Mpira ule ulikwenda wapi msiniulize. Kazi yangu miaka yote hii ni kuangalia mipira, na huo sikuuona, macho yalikuwa yamejaa.

Mzee wetu, kwa niaba ya jikoni, stoo, karakana, mapokezi na kibanda cha zamu, asante. Umetunyoosha migongo wengi ambao gofu yenyewe hatuchezi. Funguo zako msaidizi wako amezipokea, na boksi la viatu pia, tumehakikisha ni tupu. Zamu ya kwanza ya kila Jumamosi nimewaandikia wewe na mwanao, na sitaki kusikia mtu mwingine akiiomba. Mungu akupe afya na magoti imara, na tunakuombea mipira mingi ya kupotea, muwe mnakwenda kuitafuta pamoja.